Ada ya Mwanachama: Uongozi, Fedha na Tuhuma za Ufisadi katika Vyama vya Wafanyakazi, Uganda na Jirani Zake

Mfanyakazi anayekatwa ada ya chama kila mwisho wa mwezi huuliza swali moja, hata kama hajawahi kusoma historia: fedha hizi zinakwenda wapi? Hapa Kampala swali hilo mara nyingi hujibiwa kwa majina ya watu. Fulani amekula, fulani amejenga, fulani amebadilisha gari. Majibu ya namna hiyo yana utamu wake barazani, lakini hayamfikishi mbali mwanafunzi wa historia, kwa sababu watu hao huondoka, wengine wakaingia, na baada ya muda mfupi malalamiko yakawa yale yale. Katika insha hii napendekeza tuanze na swali lililo nyuma ya hilo: fedha za chama zinatoka wapi?

Hoja yangu ni kwamba kiongozi wa chama humgeukia yule anayemlisha. Chama kinapoishi kwa senti za wanachama, wanachama huuliza na kiongozi hulazimika kujibu. Kinapoishi kwa msaada wa wafadhili wa nje, au kwa amri ya serikali, au kwa viti vinavyogawiwa juu, kiongozi huelekeza uso huko. Tuhuma za ufisadi katika vyama vya kitaifa vya Afrika Mashariki zimestawi zaidi katika nyakati ambazo njia ya fedha ilimpita mwanachama kando. Nitaifuata hoja hii Uganda, na nitavuka mpaka kwenda Kenya na Tanzania kila itakapobidi, kwa kuwa reli, bandari na wafanyakazi wenyewe walivuka mipaka hiyo kwa miaka mingi.

Naandika nikiwa Mbuya, kilima kilicho mashariki mwa Kampala. Ukishuka kutoka huku unafika Kinawataka, Nakawa na Bugolobi, halafu viwanda na, mbele kidogo, bandari ya Port Bell. Nakawa na Naguru ndiko serikali ya kikoloni ilikojenga nyumba za vibarua wa Kiafrika. Wakazi wa mwisho wa nyumba hizo waliondolewa mwaka 2011 na nyumba zikabomolewa. Kwa hiyo historia ninayoisimulia ilipita katika mitaa hii, ingawa alama zake nyingi hazionekani tena.

Mwanzo: chama kisicho na mfadhili

Serikali ya kikoloni ya Uganda ilitunga sheria ya vyama vya wafanyakazi mwaka 1937, kabla Waafrika hawajawa na chama hata kimoja kilichosajiliwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 madereva wa Kiafrika wa Kampala wakaunda chama chao, na miongoni mwa waliokiongoza alikuwemo Ignatius Musazi. Madereva walikuwa watu wa pekee katika mji ule. Walijua kusoma alama za barabara na za nyakati, walisafiri kutoka mji hadi mji, walibeba habari pamoja na mizigo, na walikuwa na fedha taslimu mkononi kuliko kibarua wa kawaida. Waliweza kuchangishana.

Januari 1945 mgomo mkubwa ulizuka Kampala na kuenea katika miji mingine. Bei zilikuwa zimepanda wakati wa vita, mishahara ikabaki palepale. Mgomo ulichanganyika na siasa za Buganda, na Serwano Kulubya, mweka hazina wa serikali ya Kabaka, akalazimika kujiuzulu. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa risasi na kwa kuwahamisha viongozi, Musazi akiwa mmoja wao. Chama cha madereva kilififia.

Miaka miwili baadaye jambo kama hilo lilitokea Mombasa. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 walisimamisha kazi kwa takriban wiki mbili. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira ambao wao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Humo ndimo hotuba zilitolewa, michango ikakusanywa na maamuzi yakafikiwa mbele ya macho ya wote. Kutokana na mgomo huo kilizaliwa chama kilichojulikana kama African Workers Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Kabla mwaka haujaisha Kibachia alikamatwa na kupelekwa Baringo, akazuiliwa huko kwa takriban miaka kumi.

Sidai kwamba viongozi wa enzi hiyo walikuwa malaika. Huenda wapo waliotia senti mfukoni. Ninachosema ni kwamba mtu aliyechangia uwanjani alijua ametoa kiasi gani, alijua nani amepokea, na kesho yake angemkuta mpokeaji palepale. Udhaifu wa vyama hivi ulikuwa mwingine kabisa: havikuwa na akiba wala kinga. Serikali ilipomkamata kiongozi mmoja, nyumba nzima iliyumba.

Fedha kutoka ng'ambo

Pengo hilo la akiba na kinga ndilo lililofungua mlango kwa wafadhili. Mwaka 1945 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Duniani, lakini Vita Baridi vikaligawa. Mwaka 1949 vyama vya Marekani, Uingereza na washirika wao vilijitenga na kuunda shirikisho lao la vyama huru, ICFTU. Kila upande ulitafuta marafiki Afrika, na rafiki hahitaji maneno matupu. Mkono mtupu haulambwi.

Kenya ilionja msaada huo mapema. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 na chama cha siasa cha KAU kupigwa marufuku mwaka uliofuata, Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, KFL, chini ya Tom Mboya, lilibaki karibu sauti pekee ya kitaifa ya Waafrika. Mwaka 1956 Mboya alikwenda Marekani na kupata ahadi ya dola 35,000 kutoka shirikisho la vyama la huko, AFL-CIO, kwa ajili ya kujenga makao makuu. Jengo hilo, Solidarity House, lilijengwa Nairobi. Ni lazima tuwe waadilifu hapa: fedha zilionekana, jengo lilisimama, na bila msaada wa nje huenda KFL isingeivuka miaka ile. Lakini tangu siku hiyo mtu yeyote aliyetaka kumpinga Mboya alikuwa na silaha tayari mkononi. Alisema tu: huyu ni mtu wa Wamarekani.

Kampala nayo ilipata sehemu yake. Mwaka 1958 ICFTU ilifungua hapa chuo cha kufundisha viongozi wa vyama kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Vijana walijifunza namna ya kuendesha mikutano, kuandika hesabu na kujadiliana na mwajiri. Chuo kilidumu takriban miaka kumi. Wakati huohuo Bunge la Vyama vya Wafanyakazi Uganda, UTUC, lililoundwa mwaka 1955, lilikuwa mwanachama wa ICFTU na lilitegemea msaada wake.

Kwa nini lilitegemea msaada? Tukitazama nani alikuwa mfanyakazi wa Kampala wakati huo tutaelewa. Wengi walikuwa wahamiaji: kutoka magharibi mwa Kenya, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka kaskazini na magharibi mwa Uganda. Wengine walikuja kwa msimu tu, wapate fedha ya kodi au ya mahari, kisha warudi shambani. Mtu aliyekusudia kukaa mjini miezi michache hakuona sababu kubwa ya kulipa ada ya chama. Waliolipa kwa uthabiti zaidi walikuwa wale wenye kazi za kudumu, hasa watu wa reli. Mwanaanthropolojia Ralph Grillo, aliyefanya utafiti kati ya wafanyakazi wa reli wa Nsambya katikati ya miaka ya 1960, alieleza jinsi uongozi wa chama chao ulivyogombaniwa vikali. Cheo cha chama kilikuwa ngazi. Kwa mtu mwenye elimu ya wastani kilileta ofisi, safari, heshima na majina ya wakubwa wa kujuana nao.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanzia. Mwaka 1964 UTUC, iliyoongozwa na Humphrey Luande, mtu wa reli aliyekuwa pia mbunge, ilipata mpinzani: shirikisho jipya la FUTU, lililoungwa mkono na mrengo wa vijana wa chama tawala cha UPC na kuelemea upande wa shirikisho la vyama vya Afrika lililopinga uhusiano na ICFTU. Upande mmoja uliitwa vibaraka wa Wamarekani. Upande wa pili uliambiwa umenunuliwa na Accra na nchi za Mashariki. Tuhuma zilirushwa huku na huko, na kila upande uliujua udhaifu wa mwenzake kwa sababu ulikuwa udhaifu wake mwenyewe.

Hazikuwa hofu za bure. Mwaka 1967 Thomas Braden, aliyewahi kuwa ofisa wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, aliandika hadharani kwamba shirika hilo lilipitisha fedha kwa viongozi wa vyama vya Marekani kwa ajili ya kazi zao za ng'ambo. Kwa dereva wa Kampala au kuli wa Mombasa, habari hiyo ilimaanisha jambo moja: watu walikuwa wakigombea uongozi wa chama chake kwa fedha ambazo hakuzitoa, ambazo hakuziona, na ambazo hangeweza kuziulizia.

Mkono wa serikali

Serikali mpya za uhuru ziliitazama vurugu hii na kutoa dawa moja. Zilisema vyama vimejaa wala rushwa na mawakala wa nje, kwa hiyo lazima viunganishwe chini ya uangalizi wa taifa.

Tanganyika ilitangulia. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa. Mwezi uliofuata sheria ikalivunja shirikisho la TFL, ambalo Rashidi Kawawa aliwahi kuwa katibu wake mkuu, na kuunda chama kimoja, NUTA. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa huyohuyo Waziri wa Kazi, na aliyemteua ni Rais. Ada ilikatwa kwenye mshahara. Kwa upande mmoja fedha hazikuwa tena za kubahatisha, na msaada wa nje haukuhitajika. Kwa upande mwingine mwanachama hakuwa tena na njia ya kumnyima kiongozi senti yake. Ilipofika mwaka 1967 tume iliyoundwa na Rais kuichunguza NUTA ilikuwa imekusanya malalamiko ya wafanyakazi kwamba viongozi wao wako mbali nao.

Kenya ilifuata mwaka 1965. Ugomvi kati ya KFL, iliyoongozwa na Clement Lubembe, na wapinzani wake waliokuwa karibu na Oginga Odinga, akiwemo Dennis Akumu, ulifika hatua ya kumwaga damu Mombasa. Jomo Kenyatta akavifuta vyama vikuu vyote viwili na kuunda COTU. Wajumbe waliruhusiwa kupendekeza majina, lakini aliyemchagua katibu mkuu miongoni mwa majina hayo alikuwa Rais. Lubembe akapewa ukatibu mkuu, Akumu akawa naibu wake. Mahasimu wawili waliokuwa wakiitana wanunuliwa sasa walikaa nyumba moja, na wote wawili walijua ufunguo wa nyumba uko wapi.

Uganda ilichelewa kidogo, lakini ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliviweka vyama chini ya mwavuli mmoja kisheria. Oktoba mwaka huohuo ikawafukuza nchini wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000. Tukumbuke kwamba wengi wa hao walikuwa watu wa reli na wa viwandani, waliokuwa nguzo za vyama tangu mwanzo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya kazi. Hakuna tuhuma ya wizi iliyohitajika. Wanachama wenyewe waliondolewa. Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na mwaka 1973 likaundwa Shirika la Taifa la Vyama vya Wafanyakazi, NOTU. Shirikisho la kitaifa tulilonalo mpaka leo lilizaliwa kwa amri ya utawala wa kijeshi, si kwa mchango wa uwanjani.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Katika nchi zote tatu neno "ufisadi" lilitumika kuhalalisha hatua za serikali, na katika nchi zote tatu hatua hizo hazikurudisha daftari la hesabu mikononi mwa mwanachama. Zilibadilisha tu mtu ambaye kiongozi humgeukia. Jana aligeukia Brussels, yalikokuwa makao makuu ya ICFTU, leo akageukia Ikulu.

Viti vya leo

Baada ya mwaka 1986 hali ilibadilika kwa kiasi. Mwaka 1993 sheria ilipanuliwa ili wafanyakazi wa serikali nao waweze kujiunga na vyama. Katiba ya 1995 ilitoa haki ya kuunda vyama na kugoma kwa mujibu wa sheria, na pia ikawapa wafanyakazi wawakilishi wao Bungeni, ambao sasa ni watano. Mwaka 2003 likazaliwa shirikisho la pili, COFTU, na ukiritimba wa NOTU ukaisha.

Kwenye karatasi, mfanyakazi wa Uganda ana uwakilishi ambao wenzake katika nchi nyingi hawana. Tuupime uwakilishi huo kwa tukio lililotokea hapo chini ya kilima chetu. Kiwanda cha nguo cha Tri-Star kilianzishwa Bugolobi kwa matumaini makubwa, ili kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Oktoba 2003 wafanyakazi, wengi wao wasichana walioletwa kutoka wilaya mbalimbali, waligoma wakilalamikia namna walivyotendewa kazini. Zaidi ya 200 walifukuzwa. Rais Yoweri Museveni alisema hadharani kwamba yeye ndiye aliyewafukuza, kwa kuwa vitendo vyao vingewatisha wawekezaji.

Wakati huo shirikisho la kitaifa lilikuwa na umri wa miaka 30, na wabunge wa wafanyakazi walikuwemo Bungeni. Lakini ndani ya kiwanda hapakuwa na chama kilichotambuliwa na mwajiri. Wasichana wale walikuwa na wawakilishi katika kila ngazi isipokuwa ile waliyokuwa wamesimama. Sheria nne mpya za kazi zilipopitishwa mwaka 2006, zikiwemo Sheria ya Ajira na Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi, zilitokana kwa sehemu na shinikizo kutoka nje, lililohusu haki ya Uganda kuendelea kuuza bidhaa zake Marekani.

Kwa nini vyama vikose nguvu getini na wakati huohuo vipiganie uongozi juu kwa ukali? Kwa sababu juu kuna viti. Wabunge wa wafanyakazi huchaguliwa na wajumbe wa vyama, si na kila mfanyakazi, kwa hiyo anayeshika orodha ya wajumbe ameshika mengi. Mashirikisho pia yana wawakilishi katika bodi ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mfuko huu, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1985, hupokea asilimia 5 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri. Leo ni mfuko wa matrilioni ya shilingi. Ukilinganisha na ada za chama, ni bahari mbele ya kisima.

Na bahari hiyo imeshachafuka zaidi ya mara moja. Mwaka 2008 nchi nzima ilizungumzia Temangalo, pale NSSF iliponunua ardhi ya zaidi ya ekari 400 kwa takriban shilingi bilioni 11, muuzaji mmojawapo akiwa Amama Mbabazi, aliyekuwa Waziri wa Usalama. Mbabazi alikana kosa, kamati ya Bunge ikachunguza, na Bunge kwa kura za wengi likamwondolea lawama. Mkurugenzi Mkuu wa mfuko wa wakati huo, David Jamwa, alikuja kuhukumiwa kifungo mwaka 2011, lakini kwa shauri jingine, la kuuza hati fungani za serikali kabla ya kuiva na kuusababishia mfuko hasara. Mwanzoni mwa mwaka 2023 kamati teule ya Bunge iliuchunguza mfuko tena. Safari hii gumzo lilikuwa shilingi bilioni 6 ambazo Waziri Betty Amongi alitaka ziingizwe katika bajeti ya mfuko kwa ajili ya shughuli za wizara yake. Naye alikana kufanya kosa.

Kutofautisha tuhuma na hukumu ni wajibu wa mwanahistoria, na sitaki kuwahukumu watu ambao mahakama haikuwahukumu. Jambo linalonihusu ni jingine. Wawakilishi wa wafanyakazi walikuwa na viti katika chumba ambamo fedha za wafanyakazi zilijadiliwa. Hata hivyo mfanyakazi wa kawaida alipata habari za Temangalo kwenye gazeti, kutoka kwa waandishi na wabunge waliokuwa wakivutana kwa sababu zao wenyewe. Hakuna mkutano wa tawi ambamo mwakilishi alisimama mbele ya waliomtuma akawaambia: tulipiga kura hivi, kwa sababu hizi. Hakulazimika, kwa kuwa posho ya kikao haikutoka mfukoni mwao.

Pingamizi mbili

Msomaji anaweza kunipinga kwa kusema kwamba tatizo ni tabia. Mwizi ni mwizi, hata akilishwa na nani. Ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Lakini pingamizi hili halielezi kwa nini viongozi waliokuwa wajasiri ujanani, waliofukuzwa kazi na kukamatwa kwa ajili ya wenzao, walituhumiwa mambo yaleyale baada ya miaka kumi ya ofisi. Wala halielezi kwa nini tuhuma hufanana Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Samaki huoza kuanzia kichwani, lakini samaki wote wa wavu mmoja wakioza pamoja, yafaa tuuliziane habari za wavu na jua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: kama viongozi hawaaminiki, serikali ivikague vyama na kuviadhibu. Sheria ya mwaka 2006 tayari inavitaka vyama viwasilishe hesabu zao kwa Msajili. Sipingi ukaguzi. Lakini historia tuliyoipitia inaonya. Kibachia hakukamatwa kwa wizi. TFL haikuvunjwa kwa sababu daftari lake la hesabu lilikuwa chafu. Wakenya wa Kampala hawakufukuzwa kwa kuiba ada. Serikali inapopewa ufunguo wa chama kwa jina la kupambana na ufisadi, mara nyingi huufungia nje ufisadi na mwanachama pamoja, kisha ufisadi hurudi kwa mlango wa nyuma. Tena, hesabu zinazopelekwa kwa Msajili zinapanda juu. Mfanyakazi wa Kinawataka hataziona huko.

Hitimisho

Nimeonyesha vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza vyama vilikuwa maskini na vilivunjika upesi, lakini mchangiaji na mpokeaji walionana uso kwa uso. Katika cha pili fedha za Vita Baridi ziliwapa viongozi majengo, vyuo na maadui. Katika cha tatu serikali ilichukua nafasi ya mfadhili, kwanza kwa amri na uteuzi, baadaye kwa viti. Tuhuma za ufisadi zimeandamana na vipindi viwili vya mwisho kama kivuli, na zimetumiwa na wenye nia njema na wenye nia mbaya pia.

Kutokana na haya naona mambo matatu ambayo vyama vinaweza kuyafanya bila kusubiri sheria mpya. La kwanza, hesabu za kila mwaka zisomwe kazini, kwa lugha ambayo wafanyakazi wanazungumza, kabla ya kupelekwa kwa Msajili. Katika viwanda vya upande huu wa mji Kiganda na Kiswahili zitawafikia wengi kuliko Kiingereza cha wakaguzi. La pili, sehemu ya kutosha ya ada ibaki katika tawi, ili mwanachama aone kazi yake: mwanasheria aliyelipwa, mgonjwa aliyesaidiwa, mgomo uliolishwa. La tatu, mtu anayewakilisha wafanyakazi Bungeni au katika bodi asishike wakati huohuo uongozi wa chama kinachomtuma, na atoe taarifa kwa matawi kila baada ya muda uliowekwa.

Kwetu sisi wanafunzi iko kazi nyingine. Wapo wazee Nsambya, Nakawa, Luzira na Port Bell waliolipa ada kwa watu wa Luande na wa mahasimu wake, na waliowaona wenzao wa Kenya wakipakia mizigo mwaka 1970. Wengine bado wana kadi za uanachama na stakabadhi kwenye masanduku. Vitabu tulivyo navyo kuhusu vyama vya Uganda vya miaka ile, kama kile cha Roger Scott cha mwaka 1966, viliandikwa na wageni kwa Kiingereza, na vinawahusu zaidi viongozi. Stakabadhi ya mwanachama wa kawaida bado haijaandikiwa historia yake, na walio nazo wanazidi kuzeeka. Tungeanza na mtaa mmoja, tukawauliza kwa Kiswahili walilipa kiasi gani, walimlipa nani, na siku walipouliza fedha imekwenda wapi walijibiwa nini.